Daftari Kando ya Leza: Hotuba ya Kuwatunuku Wahandisi Vijana

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa vyuo na wa viwanda, mafundi wenzangu kutoka Gerezani, Keko na Vingunguti, wazazi, na ninyi wahandisi vijana ambao ndio wenye shughuli, itifaki imezingatiwa.

Nimetumwa na jopo la waamuzi nieleze jinsi tulivyowapata vijana tunaowatunuku leo kwa umahiri wao katika matumizi ya leza viwandani. Nianze na lile lililoleta manung'uniko. Miongoni mwa masharti ya kushiriki tuliweka kwamba kila mmoja, pamoja na kifaa alichokitengeneza, alete daftari la majaribio yake, lililoandikwa kwa tarehe, likiwa na yaliyofaulu na yaliyoharibika. Wako waliotuuliza, tena kwa haki, kwa nini kazi iliyo mezani, inayoonekana na kushikika, isijitetee yenyewe. Wako pia walioleta madaftari masafi mno, mwandiko mmoja na wino mmoja kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, ambayo kwa jicho la mzee kama mimi yaliandikwa usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi. Hao tuliwasamehe, lakini hatukuwapa alama.

Shughuli hii tumeipanga katika wiki ya tarehe 16 Mei kwa makusudi. UNESCO imeitenga siku hiyo kuwa Siku ya Kimataifa ya Mwanga, kwa kuwa ndiyo siku ambayo, mwaka 1960, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani katika maabara ya utafiti ya kampuni ya Hughes huko Malibu, California. Alikuwa na umri wa miaka 32. Kifaa chenyewe kilikuwa kidogo hata cha kuchekesha: fimbo fupi ya yakuti ya kutengenezwa, imeingizwa katikati ya taa ya kumulikia ya wapiga picha iliyopindwa kama springi. Wataalamu waliokuwa na majina makubwa kuliko lake walikwisha kuiweka yakuti kando, kwa sababu kipimo kimoja kilichokuwa kikiaminiwa kilionyesha kwamba nishati nyingi inayoingia ndani yake hupotea bila kurudi kama mwanga. Maiman hakubishana nao. Alipima upya mwenyewe, akakuta kile kipimo kimekosewa, akaendelea na yakuti yake. Alipoandika matokeo, jarida la kwanza alilolipelekea lilimkatalia, na habari hiyo ikachapishwa katika jarida la Nature mwezi Agosti mwaka huohuo. Msaidizi wake, Irnee D'Haenens, alikuwa akitania kwamba wamepata suluhisho linalotafuta tatizo. Utani huo ulikuwa wa kweli kabisa siku ile, na kazi ya kulitafuta tatizo ndiyo waliyoachiwa wahandisi.

Hata hivyo mtu ninayemfikiria zaidi ninapozungumzia madaftari ni Gordon Gould. Mwezi Novemba 1957, akiwa mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliandika katika daftari lake jinsi mwanga unavyoweza kukuzwa kati ya vioo viwili vinavyotazamana, akakipa kifaa hicho cha kufikirika jina ambalo sisi leo tunalitamka leza, kisha akalibeba daftari hilo hadi Bronx, kwa mthibitishaji wa nyaraka aliyekuwa akifanyia kazi yake ndani ya duka la peremende, likapigwa mhuri. Baada ya hapo akakosea jambo moja kubwa: alidhani sheria inamtaka awe na kifaa kinachofanya kazi kabla ya kuomba hataza, yaani haki ya kisheria ya kuumiliki uvumbuzi wake, akasubiri hadi Aprili 1959, na wakati huo Arthur Schawlow na Charles Townes walikwisha kuwasilisha ombi lao. Gould akaingia katika kesi zilizomla miaka karibu 30. Hataza yake kubwa ya kwanza aliipata mwaka 1977, wakati ambapo leza zilikwisha kuenea viwandani, na katika safari yote hiyo lile daftari la duka la peremende ndilo lililokuwa shahidi wake. Nawaomba vijana mwone pande zote mbili za habari hii. Kuandika kulimwokoa, na kuchelewa kulimponza.

Baadhi ya leza tunazozitumia viwandani zilizaliwa mikononi mwa vijana. Kumar Patel, mzaliwa wa Baramati nchini India, alitengeneza leza ya gesi ya kabonidayoksaidi katika maabara za Bell mwaka 1964, akiwa hajafikisha miaka 27, na kwa miongo kadhaa leza ya aina hiyo ndiyo iliyotawala karakana za kukata mabati duniani kote. Donna Strickland alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari mjini Rochester, Marekani, alipochapisha na mwalimu wake Gérard Mourou, mwaka 1985, njia ya kuurefusha mshindo mfupi wa mwanga, kuukuza ukiwa mrefu, kisha kuubana tena uwe mfupi sana na wenye nguvu kubwa bila kuiunguza mashine yenyewe. Mishindo mifupi ya namna hiyo sasa hufanya upasuaji wa macho na kazi za karakana zisizovumilia joto, kama kukata kioo chembamba. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 2018, yaani miaka 33 baadaye. Sisi hatuna subira ya namna hiyo, na ndiyo maana tuko hapa leo wakati washindi wetu bado wanalipa kodi ya chumba.

Sasa niingie karakana. Kabla ya mwaka 1967 leza ilikwisha kutoboa vitu vigumu; mwaka 1965 kampuni ya Western Electric ya Marekani ilikuwa tayari ikiitumia kutoboa almasi zinazopitishwa waya ili zivutwe na kuwa nyembamba. Kukata bamba la chuma kulikuwa jambo jingine. Leza za wakati ule zilikuwa na nguvu kidogo, na chuma kikipashwa joto kwa nguvu kidogo huyeyuka, hukaa palepale, kisha huganda upya. Mwaka huo wa 1967 Peter Houldcroft na wenzake, katika taasisi ya utafiti wa uchomeleaji karibu na Cambridge, Uingereza, walichukua leza ya wati 300, nguvu isiyofikia hata ya pasi ya umeme ya nyumbani, wakaipitisha katika nozeli, yaani mdomo mwembamba wa kupulizia, pamoja na mkondo wa oksijeni, na mwanga huo dhaifu ukakata chuma cha unene wa milimita 1. Mhunzi yeyote aliyewahi kuvuta mivukuto angeelewa mara moja kilichotokea: mwanga unawasha, pumzi inachochea. Oksijeni inakiunguza chuma na kuongeza joto ambalo leza peke yake isingeweza kulitoa, na mkondo uleule unakipuliza nje chuma kilichoyeyuka. Kila mashine ya kukata iliyoko katika karakana zetu leo, awe ameitengeneza Mjerumani au Mchina, ina nozeli hiyo.

Nimemtaja mhunzi, na sikumtaja kwa kupamba maneno. Kule Kagera wahunzi wa Kihaya waliyeyusha chuma katika matanuri ya udongo kwa zaidi ya miaka 1,500. Vyuma vya kununua vilipoingia, kazi hiyo ikaachwa. Katika miaka ya 1970 watafiti walipotaka kujua ilivyofanyika, ilibidi wawaombe wazee waliowahi kuifanya ujanani walijenge tanuri upya kwa kumbukumbu, na wazee hao hawakufaulu kwa jaribio la kwanza. Mikono ilikuwa imesahau. Vipimo vya udongo, idadi ya mivukuto, muda wa kupuliza, vyote vilikuwa vichwani mwa watu, na watu walikuwa wakiondoka mmoja mmoja.

Mimi mwenyewe nimeyaona hayo kwa umbo dogo zaidi. Katika karakana moja niliyowahi kuisimamia, ambayo sitaitaja, tulinunua mashine ya leza iliyotumika, na tulihangaika karibu miezi miwili kupata vipimo vya kukata bamba la milimita 3 bila ukingo kuchafuka: kasi gani, shinikizo gani la gesi, lenzi iteremke kiasi gani. Fundi aliyevipata alikuwa hodari, na aliviweka katika kompyuta ya mashine. Siku moja umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, diski ya kompyuta ile ikafa, na fundi yule alikwisha kupata kazi kwa bosi mwingine aliyemlipa vizuri kuliko sisi. Nilimpigia simu. Alicheka, akanikumbusha kwamba nilimpa kila kitu isipokuwa daftari. Tulianza upya, na mabamba tuliyoyaharibu kwa mara ya pili tuliyauza kama skrepa kwa kilo.

Binti tunayempa tuzo ya kwanza aliletewa tatizo na mwenye mashine ya kusaga mahindi. Wengi wenu mnaijua mashine hiyo kwa sauti yake kuliko kwa tumbo lake, kwa hiyo nieleze. Ndani kuna nyundo zinazozunguka kwa kasi, na zimezungukwa na bati lenye matundu linaloitwa chekeche. Mahindi hupondwa hadi yawe madogo kiasi cha kupita kwenye tundu, na ukubwa wa tundu ndio unaoamua kama mama atapika ugali laini au atalalamikia chenga. Chekeche huchakaa, matundu hupanuka, mengine hupasuka, na mwenye mashine hulazimika kununua jingine ambalo mara nyingi halina vipimo anavyovitaka. Binti huyu akaombwa akate chekeche kwa leza ya faiba, ile ambayo mwanga wake huzalishwa ndani ya uzi mwembamba wa kioo: bamba la chuma cha kawaida, unene wa milimita moja na nusu, matundu ya milimita 1, maelfu yake.

Ukurasa wa kwanza wa majaribio una maneno mawili tu: bati limejikunja. Ameambatisha na picha, na kweli lilikuwa limejikunja kama papadi kwenye mafuta. Leza ilikuwa inatoboa matundu kwa safu, moja baada ya jirani yake, na joto la kila tundu lilikuwa likijumlishwa na la lililotangulia hadi bamba likashindwa kulivumilia. Akaipanga upya njia ya kichwa cha leza ili kiwe kinaruka, kinatoboa hapa, kinakwenda mbali, kinarudi eneo likiwa limepoa. Kazi ikachukua muda mrefu zaidi, na ameandika muda huo, dakika kwa dakika, bila kuuficha. Bamba likatoka limenyooka.

Hapo wengi wangeshukuru Mungu na kukabidhi kazi. Yeye alichukua lenzi ya mkono akayatazama matundu, akaona jambo ambalo vitabu hulieleza lakini macho ya watu hulipita: tundu la leza halina upana uleule juu na chini. Upande mwanga unakoingilia ni pana kidogo, upande unakotokea ni jembamba. Akajiuliza upande gani uelekee nyundo. Ukiuelekeza ule mpana ndani, punje ndogo huingia kwenye tundu kama kabari, na chekeche huziba. Ukiuelekeza ule mwembamba ndani, punje ikishapita mlango hukuta nafasi inapanuka, na haina pa kukwama. Jibu likaonekana wazi, ila likaleta tatizo baya kuliko la kwanza. Upande mwembamba ndio ule ambao chuma kilichoyeyuka huganda na kuacha miiba midogo. Miiba hiyo ikitazama nyundo, itamomonyoka, na itakwenda kwenye unga wa watu.

Kurasa 20 na ushei za daftari lake zinahusu miiba hiyo. Alianza kwa kuisugua kwa grenda, akaacha, kwa sababu ilipanua matundu ya kingoni na kuyaacha ya katikati. Akapunguza kasi, akaongeza, akateremsha kitovu cha mwanga chini kidogo ya uso wa bamba. Mwishoni akaiacha oksijeni, akatumia naitrojeni kwa shinikizo kubwa, ambayo haiunguzi chuma bali hukisukuma tu nje kabla hakijaganda. Miiba ikaisha. Naitrojeni ni ghali, na ukurasa unaofuata, ambao mimi binafsi niliupenda kuliko yote, ni hesabu ya pesa: mtungi unakata mabati mangapi, kila bati linabeba shilingi ngapi za gesi, na mwenye mashine ataweza kulipa au la. Kisha akaenda kwenye mashine yenyewe, akasaga debe la mahindi kwa chekeche la zamani na debe jingine kwa lake, akapitisha sumaku kwenye unga wa kila debe. Lake lilitoa vumbi la chuma kidogo zaidi. Ameandika pia kwamba halikutoa sifuri, kwa kuwa nyundo nazo humomonyoka, na kwamba hajui namna ya kulitatua hilo kwa leza. Mtu anayeandika sentensi kama hiyo katika daftari analotaka lipewe alama ni mtu ninayeweza kumwachia funguo za karakana.

Mshindi wa pili nitamweleza kwa ufupi, kwa sababu kazi yake ni ya aina inayoonekana ndogo hadi siku inapokosekana. Karakana nyingi zimeacha naitrojeni kwa kazi za kawaida na kukata kwa hewa ya kompresa, jambo la busara, kwani hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa takriban asilimia 78 na haina bei. Lakini hewa ya Dar es Salaam ina maji, na kompresa ina mafuta, na matone yasiyoonekana ya maji na mafuta yakifika kwenye kioo kinachoilinda lenzi, mwanga huyaunguza, kioo hupata doa, doa hunywa joto, kioo hupasuka. Kijana huyu aliorodhesha vioo vyote vilivyopasuka kazini kwake kwa miezi sita pamoja na hali ya hewa ya kila siku, akaonyesha kwamba vingi vilipasuka wakati wa masika, kisha akaunda mfumo wa kupozea na kuchuja hewa kwa vipuri vya friji vilivyotumika. Bosi wake yuko hapa, naona anatabasamu.

Kazi moja nzuri hatukuitunuku, na ni wajibu wangu kusema kwa nini, kwa kuwa mwenye kazi ameniruhusu niseme bila jina lake. Alichomelea makopo ya maziwa ya chuma kisichoshika kutu kwa leza ya faiba ya kushika mkononi, na mshono wake ulikuwa mwembamba na laini kuliko wowote nilioupitishia kidole mwaka huu. Tulipokwenda kumwona akifanya kazi, tulimkuta amejikinga na kioo cha plastiki angavu alichokitoa kwenye mashine ya zamani ya kabonidayoksaidi. Mwanga wa mashine ile ya zamani una urefu wa wimbi wa maikromita 10.6, na plastiki hiyo huuzuia kweli. Mwanga wa faiba ni wa maikromita 1 na kidogo, na kwake plastiki hiyo ni kama dirisha lililo wazi. Baya zaidi, mwanga wa kabonidayoksaidi huishia kwenye konea, mbele ya jicho, na mtu huusikia. Wa faiba hauonekani, hupita konea na lenzi ya jicho kama unavyopita kwenye ile plastiki, na hukusanywa na jicho lenyewe hadi kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Mtu haoni mwako wala hasikii maumivu. Hugundua baadaye, anaposoma gazeti na kukuta herufi za katikati hazipo. Tulimzuia asiendelee palepale, na miwani iliyoandikwa urefu wa wimbi unaofaa nimemnunulia mimi mwenyewe, ili mwakani asiwe na kisingizio cha kutoshiriki.

Kuhusu zawadi, wafadhili wametoa fedha na vyeti, na tunawashukuru. Jopo limeongeza kitu chake kidogo: kila mshindi atapewa kaunta buku ya kwaya tatu, jalada gumu, kurasa zimekwisha kupewa namba kwa mkono ili zisichanwe. Muuza duka aliyetuuzia alitaka kujua ni za shule gani.

Naomba sasa binti wa chekeche apite mbele. Njoo na lile daftari la zamani, mama, mgeni rasmi anataka kuuona ule ukurasa wa bati lililojikunja kabla hajakukabidhi jipya.